Dini na Ujirani Katika Mitaa ya Mabati

Watu wengi hudhani ya kuwa kumsaidia maskini ni kazi ya mwenye fedha. Mimi nimekaa Nairobi miaka mingi, upande wa mashariki, si mbali na jaa kuu la taka la Dandora, na niliyoyaona huko yanikataza kulikubali neno hilo. Wanaowasaidia maskini zaidi ni maskini wenzao, na wengi wao hufanya hivyo kwa ajili ya imani yao.

Ninyi mlio mashambani mwajua ujirani ni nini. Mtu akifiwa, watu huja na kuni na maji bila kuitwa. Mjini sivyo. Katika mitaa ya mabati, wewe na jirani yako hutengwa na bati moja tu. Wamsikia akikohoa usiku kucha, walakini hulijui jina lake wala kwao. Yeye ni mpangaji, nawe ni mpangaji. Akifukuzwa kwa kodi, kesho chumba kina mwingine.

Ndiyo maana napenda kueleza habari za jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki walikutana Nairobi wakazungumza juu ya kuzijenga, kwani parokia za mjini ni kubwa, na mtu aweza kusali humo miaka kumi asijulikane. Jumuiya ni nyumba chache zilizo jirani. Watu wake hukutana mara moja kwa juma katika chumba cha mmoja wao, leo kwako, juma lijalo kwa mwenzako, hata ikiwa chumba ni cha futi kumi kwa kumi na wageni wakaketi kitandani na juu ya madebe. Husomwa Injili, na kila atakaye hulisema neno lililomgusa. Kisha huja lile ambalo kwangu ndilo kiini cha mkutano: mwenyekiti huuliza, "Nani mgonjwa?"

Majibu hayakosi. Mmoja amtaja mzee aliyeanguka kazini, mwingine asema watoto wa fulani hawakula jana. Hapo hapo kazi hugawanywa: huyu atafua nguo, yule atapika uji, vijana wawili watambeba mgonjwa mpaka barabarani, kwa kuwa gari haliwezi kupita vichochoroni. Fedha huchangwa mwisho, nazo ni kidogo.

Katika miaka ya 1990 nilifahamu thamani ya mpango huo. Serikali ilikuwa bado kuutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, jambo ililolifanya mwaka 1999, na dawa za kupunguza makali zilikuwa bado kuwafikia watu wa kawaida. Wagonjwa wengi walirudishwa nyumbani, na huko hata ndugu wa tumbo moja waliogopa kikombe chao. Akina mama wa jumuiya waliwaosha. Sikuwasikia wakihubiri, walichemsha maji.

Katika miaka hiyo hiyo padre mmoja Mwitalia, Alex Zanotelli wa shirika la Wakomboni, aliyekuwa zamani mhariri wa gazeti la Nigrizia, aliishi kibandani Korogocho kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa maoni yangu, faida ya kukaa mahali ni kumjua mwenye njaa kweli na mwenye maneno tu. Hata hivyo yeye alikuwa na pa kurudi, na wakati ulipofika alirudi. Akina mama wale hawana.

Lakini nisiwadanganye kwamba mambo ni shwari. Kwetu iliwahi kuletwa hoja ya kuwa asiyehudhuria wala kuchanga asisaidiwe. Haikuwa hoja ya kijinga, maana wapo wanaoonekana siku ya matanga tu. Juma lile lile mtoto wa mwanamke mmoja muuza chang'aa akashikwa na homa kali. Mama huyo hakuwa wa kanisa letu, wala hakuwahi kuketi nasi. Mweka hazina akalifungua daftari, akasema, "Wazee wangu, tuna shilingi mia nne, na wetu wenyewe ni wagonjwa."

Bibi mmoja mkongwe akajibu, "Mwanangu, mtoto huyo amelia siku tatu, nasi sote tumekosa usingizi kwa ajili yake. Sasa waniambia si wetu?"

Fedha zilitolewa usiku ule, na mtoto akapona. Hoja ile haikupitishwa, wala haikufutwa. Huletwa tena kila mwaka, na kila mwaka mweka hazina huinua daftari akatuonyesha ukurasa wa madeni. Mama wa mtoto bado hasali nasi. Kukiwa na matanga, mapipa yake mawili ndiyo tunayowekea maji.