Nafsi ya Kwanza, Wingi

Sote tuliosomea sarufi ya Kiswahili tulijifunza mapema kwamba ni- ni kiambishi cha nafsi ya kwanza umoja, na tu- ni cha nafsi ya kwanza wingi. Kwa wengi wetu, tofauti hiyo ni jambo la ubao na chaki. Kwangu mimi ni suala la maisha, kwani naishi na maradhi ambayo katika makala haya nitayaita mtengano wa nafsi.

Mwenye maradhi haya huwa na sehemu mbili au zaidi za nafsi, kila moja ikiwa na kumbukumbu na hofu zake, nazo hupokezana usukani wa mwili mmoja. Anachokitenda mmoja, aghalabu mwingine hakikumbuki. Chanzo kinachotajwa sana ni mateso ya utotoni yaliyojirudia, wakati ambapo nafsi ya mtoto bado haijashikamana. Pierre Janet aliandika kuhusu mtengano wa aina hii huko Ufaransa mnamo 1889, na mwaka 1994 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliyapa maradhi haya jina linalotumika hadi leo. Wapo wataalamu wanaoyashuku, wakidai kuwa huchochewa na maswali ya watibabu na hadithi za filamu. Siandiki ili kuwajibu. Ninachojua ni kwamba daftari langu la utafiti lina miandiko mitatu, na ni mmoja tu ninaoutambua kuwa wangu.

Wahenga walinena kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hapo ndipo penye fundo. Tiba kuu ya maradhi haya ni mazungumzo, na mazungumzo hayazai matunda pasipo kuaminiana. Lakini aghalabu aliyetengana nafsi aliumizwa na wale wale aliostahili kuwaamini. Isitoshe, imani yangu peke yangu haitoshi. Ndani yangu yumo mdogo asiyependa kusema, na yumo mlinzi ambaye kila anayetutendea wema humwona kuwa anatega mtego. Mimi nikikubali kutibiwa, hao wawili hawajakubali.

Mshauri wa kwanza niliyemwendea aliwaeleza jamaa zangu mambo niliyomwambia kwa siri. Kwa takribani mwaka mzima baada ya hapo, mlinzi hakuturuhusu kukaribia ofisi yoyote ya ushauri. Siku ya miadi ilipowadia nilijikuta kwenye kituo cha mwisho cha matatu, upande mwingine wa jiji, bila kujua nilivyofika.

Mwanasaikolojia wa pili, mama wa makamo, hakuanza kwa kuniuliza yaliyonipata. Alituonyesha mlango ulipo, akatuacha tuchague kiti. Alieleza nani angesoma maandishi yake na nani asingeyasoma. Alianza kwa wakati na kumaliza kwa wakati. Alipotaka kwenda likizo, alitujulisha wiki tatu kabla, akataja siku ya kurudi, na siku hiyo akarudi. Baadaye nilifahamu kwamba alikuwa akifuata njia inayojulikana. Katika kitabu chake cha mwaka 1992, daktari Judith Herman alizigawa hatua za kupona katika tatu: usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kuungana tena na watu. Anayefukua kumbukumbu kabla ya kujenga usalama huweza kumzidishia mgonjwa maumivu.

Siku moja niliteleza nikamwambia, "Shikamoo, mama. Jana hatukulala."

"Marahaba. Ni nyote hamkulala, au ni mmoja wenu?" akauliza, bila kuinua sauti wala kuandika lolote.

Hakunisahihisha kiambishi. Nilijibu kwamba ni mdogo ndiye aliyekesha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtaja mbele ya mtu. Kisha akamwelekea mlinzi, ingawa hakuwa amemwona, akamshukuru kwa kutulinda miaka yote hiyo na kumwomba ruhusa ya kuendelea. Kumbe asiyeamini hakuwa adui wa tiba. Ushuku wake ndio uliotufikisha tukiwa hai, na asingeuacha kwa kubembelezwa. Alihitaji kuona ahadi zikitimizwa, moja baada ya nyingine.

Nyanya yangu, mzaliwa wa Pwani, husema nina pepo. Simbezi. Katika uganga wa pepo, mgonjwa huitwa kiti, na mganga humuuliza pepo jina lake na haja yake kabla ya kumtaka lolote. Hata mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2013 unakiri kwamba katika baadhi ya jamii hali hii huonekana kama kupagawa, na unatahadharisha kwamba mila inayokubalika katika jamii isihesabiwe kuwa ugonjwa. Mimi sichukuliwi na pepo. Hawa ni sehemu zangu. Hata hivyo, nyanya na mwanasaikolojia wangu wanakubaliana katika jambo moja: anayezungumza asikilizwe kwanza.

Leo tuna daftari la pamoja. Kwa miezi mingi mlinzi hakuandika humo neno lolote. Hatimaye aliandika sentensi moja: "Mwambie asichelewe." Mama aliisoma, akatikisa kichwa kukubali, na hajachelewa.

Kwa wenzangu wa chama hiki, wengi wenu mkielekea ualimu, nina ombi. Mwanafunzi akiwaambia jambo zito, msimuulize mengi kuliko anayotaka kusema. Mweleze mapema ni siri ipi mnaweza kuitunza na ipi sheria haiwaruhusu kuitunza. Mkimwahidi saa nne, muwepo saa nne.

Makala haya tumeyasoma sote kabla ya kuyawasilisha. Aya mbili zimeondolewa kwa ombi la mlinzi. Hizi zilizobaki ameziridhia.