Siku Tatu za Kujifunza Kafi katika Lualaba

Sisi wenyeji wa Kabambare ni watu wa nchi kavu. Ni kweli tunao mto wetu, Luama, utokao katika milima iliyo magharibi ya Ziwa Tanganyika na kumwagika katika Lualaba. Lakini wengi wetu twaujua kwa kuchota, kuoga na kufua tu. Ukimpa mmoja wetu kafi, atalishika kama mchi wa kutwangia.

Mimi nilikuwa hivyo mpaka kiangazi kilichopita. Dada yangu mdogo aliolewa Kasongo, na mumewe alikufa maji. Alikuwa abiria katika mtumbwi uliovuka Lualaba usiku, umejaa watu na magunia kupita kiasi. Ulipoanza kuingiza maji, abiria walisimama wote pamoja, nao ukapinduka. Tangu siku ile dada alimkataza mwanawe wa pekee hata kuukaribia mto. Sasa mtoto ana miaka 13, na jamaa za baba yake wako ng'ambo, upande wa Samba, penye stesheni ya reli ya Kindu na Kongolo. Walitaka aende kwao kusoma, wala hakuna njia ya kwenda isiyovuka maji. Dada akaniletea neno: "Kaka, njoo uamue."

Nilipofika nilimwambia, "Dada yangu, mtoto atavuka, leo au kesho, nasi pengine hatutakuwapo. Afadhali avuke akiwa anajua." Alinyamaza muda mrefu. Kisha akajibu, "Basi uingie naye wewe. Akizama, mzame wote wawili." Sikucheka, maana hakuwa anatania.

Mahali penyewe

Mji wa Kasongo hauko mtoni penyewe. Ukitaka kuuona Lualaba hutoka mjini ukielekea magharibi, kwa njia ya udongo mwekundu, katikati ya majani marefu na michikichi, mpaka ghafula nchi inafunguka na maji yanaonekana. Ni mto mpana, nao waenda bila kelele. Ndiyo sababu mgeni hudhani hauna nguvu. Tupa jani uone jinsi linavyochukuliwa!

Lakini wakati wa kiangazi maji hupungua, na mafungu ya mchanga hutokea. Nyuma ya fungu moja tulikuta mahali pa kutufaa. Mchanga umeziba upande wa juu, na mdomo wa wazi uko upande wa chini, hata mkondo hauwezi kuingia. Ukingo mrefu wenye miti huzuia upepo. Maji yake yametulia kama maji ya mtungini, na katikati kina chake hakimpiti mtu mzima kifuani. Katika nchi nyingine wanaoanza hupelekwa kwenye ghuba za maziwa yaliyofanywa kwa kuzuia mito. Sisi mto wenyewe umetutengenezea.

Mwalimu wetu alikuwa mzee mmoja mvuvi wa kabila la Wagenya. Watu hawa ndio mabwana wa mitumbwi katika Lualaba tangu zamani. Na ndugu zao wa Kisangani wanajulikana duniani kwa mitego yao mikubwa ya samaki, inayofungwa kwenye miti katikati ya maporomoko. Tangu kale Wagenya wa huku walileta samaki sokoni, na watu wa nchi kavu walileta vyakula vya mashamba, wakabadilishana.

Mzee alitupa sharti moja kabla ya yote: "Kafi liwe la kwanza kuingia mkononi na la mwisho kutoka." Nilipomsikia nilikumbuka habari ya Nyangwe, soko lililo chini ya hapo, kwenye ukingo uo huo. David Livingstone, aliyekaa miezi mingi kwetu Kabambare akiugua vidonda vya miguu, alifika Nyangwe mwaka 1871 akitafuta mitumbwi. Tarehe 15 Julai mwaka ule aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa wakiwapiga risasi watu wa sokoni, wengi wao wanawake. Watu walikimbilia mitumbwi yao katika hori dogo. Mitumbwi ilikuwa mingi, ikasongamana, haikuweza kutoka. Na kwa hofu wengi waliyasahau makafi. Wakajitupa mtoni. Wafanyabiashara wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Basi maji matulivu ya nchi yetu si mahali pa mchezo tu. Yana kumbukumbu yake.

Mafunzo

Siku ya kwanza hatukwenda popote. Tulijifunza kuingia na kutoka. Usikanyage ubavu wa mtumbwi. Inama, shika kingo zote mbili, weka mguu katikati, kisha piga magoti chini kabisa. Mwili ukiwa chini, chombo hutulia; ukisimama, chombo hulewa. Wagenya hupiga kafi wamesimama, lakini wamefanya hivyo tangu utoto. Mjukuu wa mzee, msichana wa miaka kama kumi, alisimama nyuma ya mtumbwi wake akituzunguka, huku akijizuia kutucheka. Hakufaulu.

Siku ya pili tulipewa makafi. Mkono mmoja hushika kichwa cha mti, wa pili hushika karibu na bapa. Peleka kafi mbele ya magoti, lizamishe bapa lote, ulivute karibu na ubavu wa mtumbwi, ulitoe linapofika kiunoni. Nguvu haitoki mikononi, bali mgongoni na kiunoni. Nililisadiki neno hilo usiku nilipojaribu kulala. Ukipiga upande wa kuume, omo hugeukia kushoto. Kwa hiyo anayekaa nyuma, amalizapo kuvuta, huligeuza bapa na kulisukuma kidogo nje, ili chombo kirudi katika njia yake. Huo ndio usukani. Mtoto aliuelewa kwa saa moja. Mimi nilizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa mpaka jioni.

Siku ya tatu mzee aliupindua mtumbwi kwa makusudi, bila kutuambia. Nilikunywa maji. Nilipoibuka nilimtafuta mtoto, na moyo wangu ulisimama, maana sikumwona. Alikuwa upande wa pili, ameushika mtumbwi kwa mkono mmoja, na kafi liko katika mkono wa pili. Kifuani tulikuwa tumefungwa bidoni tupu za plastiki zenye vifuniko vilivyokazwa, maana hatukuwa na maboya. Mzee akatuambia, "Mti huelea hata ukijaa maji. Anayeuacha apate kuogelea mpaka ukingoni ndiye anayezikwa." Ukingoni dada yangu alikuwa amesimama. Alikuja bila kutuarifu, akaona yote.

Hatari zisizopiga kelele

Nisiwafiche jambo. Maji yasiyokwenda yana adui wake. Katika majani ya ukingoni hukaa konokono wadogo wanaoeneza kichocho, ugonjwa ulioenea sana katika Maniema. Basi tuliingilia penye mchanga mtupu, hatukukaa majini bila sababu, tena tulipotoka tulijifuta mara moja. Anayeona damu katika choo aende kwenye zahanati. Dawa iko, jina lake prazikwanteli. Kadhalika uliza wavuvi kwanza habari za mamba na viboko. Wao ndio wanaojua mahali na saa zao.

Tena kuvuka mto mkuu si sawa na kuzunguka katika maji matulivu. Mzee alituonyesha: kwanza hupanda juu kwa kufuata ukingo, penye mkondo dhaifu, ndipo huelekeza omo juu kidogo na kuanza kukata. Mkondo hukushusha, kafi hukupandisha, nawe wafika ng'ambo mahali ulipokusudia. Anayeelekeza omo moja kwa moja kwenye gati hujikuta mbali sana chini yake.

Wiki mbili baadaye mtoto alivuka, asubuhi, katika mtumbwi ambao mimi mwenyewe niliwahesabu abiria wake. Alikaa chini, bidoni kifuani, kafi magotini. Mwenye chombo alicheka, "Tangu lini abiria huja na kafi lake?" Lakini walipofika katikati nilimwona akimpa ishara, na mtoto akaanza kuvuta. Dada alitazama mpaka mtumbwi ukawa mdogo kama jani. Hakusema kitu. Tulipogeuka kwenda zetu, alimwuliza mzee bei ya kafi.

Wazazi wapenzi, kila mwaka maji ya Kongo hutuachia wajane na yatima. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova kilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, mchana kweupe, watu wakitazama. Kilijaa mno. Kafi la mtoto haliwezi kukiokoa chombo kilichojazwa kwa tamaa. Lakini mtoto aliyejifunza hukaa chini wengine wanaposimama, hushika mti wengine wanapouacha, tena hujua kukitazama chombo na kusema, "Hiki sipandi." Wahenga walisema: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sisi wa kando ya Lualaba tumekwisha kuvua zamani. Basi tuwafundishe watoto kuoga.