Lita ya Dizeli, Dakika ya Simu

Mwaka 2012, mtu wa Mwanza akimpigia ndugu yake wa Kasulu aliye kwenye mtandao mwingine, mtandao uliopokea ulilipwa takriban Sh112 kwa kila dakika. Machi 2013 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ikashusha malipo hayo hadi Sh34.92. Januari 2018 yakawa Sh15.60, na kufikia 2022 yalibaki Sh2. Nyuma ya kila punguzo kuna utafiti wa gharama. Nilikuwa miongoni mwa waliojaza takwimu zake upande wa kampuni, kabla ya kupewa kazi ya kupanga biashara ya minara ya Kasulu na Kibondo.

Sina ugomvi na punguzo lenyewe. Kabla yake watu walitembea na laini tatu mfukoni ili kukwepa bei ya kupiga mtandao mwingine. Ila utafiti ule hupima mtandao wa nchi nzima, kisha hutoa wastani wa kampuni inayoendeshwa vizuri. Wastani huo unamfaa mdhibiti. Ukiupangia mnara wa kata kama Kitanga, umejidanganya.

Vijijini mnara ni sikio kuliko mdomo. Mama ana simu, salio hana. Anabip, na kijana wake aliye Dar au kwenye mashamba ya tumbaku Urambo ndiye anayepiga. Kwa hiyo minara yetu ilipokea dakika nyingi kuliko ilizotoa, na malipo ya kupokea yaliposhuka, yakashuka pale pale palipotuuma. Mwaka 2012 dizeli ilikuwa karibu Sh2,000 kwa lita: dakika 18 za simu zinazoingia zililipa lita moja. Kufikia 2022 lita ilikuwa karibu Sh3,000, na ilihitaji dakika 1,500. Jenereta la mnara, ukilikadiria lita 2 kwa saa, linakunywa lita 48 kwa siku, simu ziwepo zisiwepo.

Basi tukaacha kugawa gharama kwa dakika, tukafungua karatasi ya hesabu ya kila mnara. Waraka wenye thamani kuliko wote haukutoka kwa mhasibu, ulikuwa daftari la mlinzi wa mnara. Kila asubuhi anatumbukiza kijiti tangini, anaandika sentimita. Pembeni anaandika saa zinazosomeka kwenye mita ya jenereta. Weka safu hizo mbili sambamba na utaona vitu vitatu: betri zilizochoka (jenereta linawaka saa nyingi kuliko zamani), chujio chafu, na mafuta yaliyoondoka bila jenereta kuwaka. Hili la tatu kila mtu analijua na hakuna ripoti ya Dar inayolitaja kwa jina. Humo pia mnaonekana mvua za Novemba hadi Aprili: lori linakwama, mapipa yanamalizia safari kwa trekta, na gharama ya kufikisha lita inapanda ilhali bei ya kituoni iko vile vile.

Upande wa mapato, wastani wa mkoa ulitufichia kambi za wakimbizi. Mnara unaohudumia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996, hauwezi kuhesabiwa pamoja na mnara wa kijiji cha wakulima wa maharage. Lakini mapato ya kambi yanahama kwa uamuzi wa serikali. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofikia ukomo Januari 2020 na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa, na kambi ya Mtendeli kule Kakonko ilipofungwa 2021, tulijifunza kuandika karatasi mbili kwa minara ya namna hiyo: moja watu wakiwepo, nyingine wakiwa wameondoka.

Karatasi hizo zina kazi pia kwenye ruzuku. Marekani kampuni ndogo za simu za vijijini hufanya utafiti wa gharama ili zidai fungu lao kupitia NECA, chombo kilichoundwa 1983. Kwetu fungu hupatikana kwa zabuni za Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Anayeomba ruzuku ndogo zaidi ndiye hupewa kata, na hapo ndipo karatasi ya mnara inapoonyesha faida yake. Ruzuku husaidia kujenga. Dizeli ya mwaka wa tano ni yako. Mei 2023, mikataba ya minara 758 iliposainiwa Dodoma, wapo waliofurahia idadi ya kata walizopata. Mimi ningetazama kwanza walichoandika kwenye mstari wa nishati.

Mstari huo nao umebadilika. Mpaka 2022 hata miji ya Kasulu na Kibondo iliwaka kwa majenereta ya shirika la umeme, TANESCO. Gridi ilipofika, minara iliyo kando ya nyaya ilihamia umeme, na jenereta likabaki la akiba. Mlinzi, kodi ya kiwanja na betri havikupungua hata senti. Minara iliyo mbali na nguzo inasubiri Wakala wa Nishati Vijijini (REA), na karatasi zake bado tunazipiga hesabu kwa lita.