Jiwe la Sabuni

Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa viunga vya Ogembo, alipewa likizoni kazi iliyoonekana nyepesi: kuandika kwa Kiswahili lebo za vinyago ambavyo mamaye huvisugua huko Tabaka. Neno lililomkwamisha lilikuwa moja tu, soapstone.

Kamusi ilimpa "jiwe la sabuni". Akaliandika, akalifuta. Kiunganifu -a kina mambo: maji ya kisima hutoka kisimani, kisu cha nyama hukata nyama, ilhali pete ya dhahabu ni dhahabu yenyewe. Je, jiwe hili ni la kufulia nguo, au limefinyangwa kwa sabuni? Kiingereza nacho hakisemi. Kimeyagandisha maneno mawili na kumwachia msikilizaji afumbue. Maana iliyokusudiwa ni ya tashbihi: jiwe linaloteleza mkononi mithili ya sabuni, laini hata ukucha huweza kulikwaruza. Wayunani wa kale walilipa jina litokanalo na shahamu. Wajerumani huliita Speckstein, yaani jiwe la mafuta ya nguruwe. Yaelekea kila mmoja aliligusa akakumbuka kitu cha nyumbani kwake.

La ajabu zaidi ni kwamba soap na sabuni ni ndugu waliopotezana. Kilatini kiliazima sapo kutoka kwa lugha za Kijerumani, ambazo Kiingereza ni mmoja wa watoto wao. Neno hilo likasafiri mashariki hadi Kiarabu, na Kiarabu kikalileta pwani yetu. Mfasiri aliyedhani anavuka mpaka alikuwa akizunguka boma lile lile.

Mamaye hakuvutiwa na nasaba hiyo. Alikuwa ameinamia karai la maji, msasa mkononi, ncha za vidole zimechubuka.

"Sabuni gani hii inayokula ngozi?" aliuliza. "Wanunuzi watasema linayeyuka."

"Wafanyabiashara wengine huliita jiwe la Kisii, mama."

"Kisii ni kubwa. Lilichimbwa wapi?"

Basi akaandika "jiwe la Tabaka" kwenye lebo zote. Hapo -a ilikuwa na maana moja tu, ile ya asili, na hakuna mwalimu wa sarufi ambaye angeikosoa. Mnunuzi kutoka Nairobi alizisoma, akalipa bei ile ile ya zamani, kisha akachukua kalamu na kuongeza chini ya kila moja: soapstone.