Asali Isiyokomaa

Huku Ugalla mtu akisema ana mizinga kumi, swali linalofuata ni hili: mingapi ina nyuki? Kutundika mzinga juu ya mti si kazi kubwa. Unapaka nta ndani ili harufu iwavute nyuki, unaufunga kwa waya ili nyegere asiuangushe, kisha unarudi nyumbani. Kuingia wataingia wenyewe, siku wanayoitaka wao.

Mtaa wetu ulianza na mizinga 12 ya mbao mwaka 2016. Fedha zilitokana na mnada wa baada ya ibada: kuku, mihogo, mkungu wa ndizi, na shuka moja lililonunuliwa na kurudishwa mnadani mara tatu. Wazo lilikuwa la kina mama, na vijana ndio waliopanda mitini. Wazee wetu walizoea mizinga ya magome, lakini mti ukibanduliwa gome hufa. Tulikubaliana tusianze kazi ya kanisa kwa kuua miti ambayo maua yake ndiyo tunayoyategemea.

Mwaka ule yaliingia makundi manne tu, na hatukurina. Mzee mmoja mrina asali alitueleza kuwa kundi changa linahitaji akiba ya kula maua yanapokwisha, na ukilinyang'anya linahama. Basi washarika wakatucheka: wana mizinga, lakini chai wanakunywa na sukari ya dukani! Majirani waliolima tumbaku walikuwa wamekwisha kulipwa msimu wao. (Wengine waliambulia madeni ya pembejeo tu, ila hilo lilisemwa kwa sauti ndogo.) Mwaka wa pili tulipata ndoo moja na nusu. Mwaka wa tatu ndoo nne, na fedha zote zikanunua mizinga mingine 8.

Hatukugawana hata senti, na manung'uniko yalikuwa ya kweli. Mama mmoja aliomba fungu lake amnunulie mtoto sare ya shule. Tukamwambia avumilie. Mtoto alikaa nyumbani wiki mbili. Hata leo hatuna hakika kama tulifanya sawa, maana subira ile ilikuwa yetu sote, lakini aliyeilipia ni yeye.

Mwaka 2019 Pori la Akiba la Mto Ugalla lilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa. Warina asali waliozoea kuingia huko kiangazi kwa kibali walilazimika kutafuta misitu mingine, na mnunuzi wetu wa Mpanda mjini akaanza kuulizia asali mapema kuliko kawaida. Nasi tulio mimbarani tulikuwa na kanisa lisilo na paa.

Inafaa kueleza kidogo, maana si kila msomaji ameishi na nyuki. Asali hukomaa ndani ya mzinga. Nyuki huleta maji matamu ya maua, huyapepea kwa mabawa mpaka unyevu upungue, ndipo huziba kila tundu la sega kwa nta. Sega lililozibwa ndilo lililo tayari. Asali ambayo maji yake yamezidi kama asilimia 20 huchacha kwa urahisi, hata ukiitia kwenye ndoo safi. Vijana wetu waliyajua haya. Mwezi wa Mei walituambia kuwa masega mengi bado yako wazi, wakaomba wiki tano. Tukawajibu kwa lugha ya kichungaji kwamba kazi ya Bwana haingoji. Wakachukua bomba la moshi, wakapanda usiku, wakatii.

Zilipatikana ndoo tisa za lita 20, na ndoo moja hubeba kama kilo 28. Tuliimba siku ile. Bati zikanunuliwa wiki hiyo hiyo.

Kabla ya mwisho wa Agosti mnunuzi alirudi na ndoo sita. Mifuniko imevimba, povu juu, harufu ya pombe.

Katika kikao cha wazee wengi walisema biashara ni makubaliano: alionja, akaridhika, akalipa. Na kweli fedha hazikuwapo, zilikuwa juu ya kuta za kanisa zimepigiliwa misumari. Sisi tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa kuwaunga mkono. Ndipo mtunza hazina, mama ambaye mjukuu wake alikuwa darasa la kipaimara, akasema kuwa wiki nzima amemsikia mtoto akikariri Katekisimo Ndogo jikoni. Luther, katika maelezo ya amri ya saba, anahesabu bidhaa mbovu pamoja na wizi. "Alionja, ndiyo," akasema, "lakini ulimi hauonji maji. Aliamini neno letu."

Tuliamua kulipa kwa asali, ndoo mbili kila mavuno, na ilichukua misimu mitatu. Jumapili iliyofuata, kutoka mimbari ile ile, tulitamka mbele ya washarika kwamba vijana walikuwa sahihi na sisi tuliwakosea. Ilikuwa vigumu kuliko mahubiri yoyote.

Tulikuwa tumehubiri mara nyingi juu ya yule mkulima wa Marko sura ya 4, ambaye hulala na kuamka huku mbegu ikikua asijue ilivyokua. Siku zote tulisisitiza usingizi wake: Mungu anakuza, tulia. Mwisho wa mfano tulikuwa tukiupita haraka. Mundu hautoki mpaka nafaka imeiva. Sisi tulilala vizuri miaka mitatu, kisha tukaamka na mundu mkononi wiki tano kabla.

Sasa mizinga ni 46, na 31 ina nyuki. Siku ya kurina huamuliwa na vijana, mchungaji hana kura. Upo pia mfuko mdogo wa dharura, uliowekwa kwa ajili ya yule mama wa sare na wenzake. Paa bado halijakamilika. Upande wa vestri tumeziba kwa turubai, na upepo wa kiangazi unalipigapiga wakati wa ibada. Mwezi huu wa Juni vijana wamekwenda msituni mara mbili kukagua, na mara zote mbili wamerudi na ndoo tupu. Wanasema bado.