Nusu Saa Si Dakika Tano

Akina mama wenzangu, hivi karibuni binti yangu wa Darasa la Sita aliniletea daftari la hisabati nikiwa nachambua mchicha. Swali lilisema: basi linakwenda kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, je, litasafiri umbali gani kwa dakika 20? Yeye alizidisha 60 kwa 20, akapata kilometa 1,200.

"Mwanangu," nikamwambia, "kutoka hapa Tanga hadi Dar es Salaam ni kama kilometa 350. Ni basi gani hilo liende Dar, lirudi na kwenda tena, yote kwa dakika 20?"

Akacheka, na kaka yake akamcheka zaidi. Mimi nilinyamaza, maana kosa la jamii hiyo niliwahi kulifanya nikiwa muuguzi mwenye diploma yangu, na usiku ule hakuna aliyecheka.

Ilikuwa masika ya mwaka 2005, nikiwa katika zahanati ya kijiji upande wa Pangani. Mama mmoja alijifungua salama, lakini kondo la nyuma lilipotoka, damu haikukoma. Nilimchoma sindano, nikamsugua tumbo ili mfuko wa uzazi ujikaze, nikamwekea dripu. Damu ikapungua, lakini haikukatika. Chuoni tulifundishwa kwamba mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili. Sikuthubutu kungoja gari litoke mjini, kilometa 50.

Mzee mmoja mchuuzi wa samaki alikuwa na pikapu. Nikamwamkia na kumwuliza tutafika kwa muda gani.

"Marahaba, sista. Kwa tope hili sitazidi ishirini kwa saa."

Nikagawanya 50 kwa 20 nyuma ya kadi ya kliniki. Jibu: 2.5. Nikajiambia, saa mbili na dakika tano. Kila chupa ya dripu ya mililita 500 nilikuwa nimeipanga iishe kwa saa moja, basi nikachukua chupa mbili za njiani. Nyingine tatu nikaziacha kabatini.

Chupa ya pili ilipokauka, saa yangu ilionyesha tumetimiza saa mbili tangu tuondoke. Nikagonga kioo cha dereva. "Mzee, tumebakiza dakika tano?"

"Dakika tano, sista? Bado kilometa kumi!"

Ndipo nilipoielewa ile nukta. Nukta tano ni nusu ya saa, na saa ina dakika 60, hivyo nusu yake ni dakika 30. Dakika zote hizo nilipiga magoti nyuma ya pikapu, mkono mmoja ukisugua tumbo, mwingine ukitafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono wake uliokuwa baridi, na chupa tupu ikining'inia juu yetu. Niliomba kama sijawahi kuomba. Mungu ni mwema: tulifika akiwa hai, akaongezewa damu, akapona. Lakini zile chupa tatu za kabatini sijazisahau.

Mpenzi msomaji, kugawanya kwangu kulikuwa sahihi. Nilichokosea ni kutouliza ile 5 ni ya nini. Tangu hapo, kila namba naiuliza jina lake: wewe ni saa, dakika au sekunde? Kilometa au mita?

Hivyo ndivyo nilivyomfundisha binti yangu. Mwendo umetajwa kwa saa, muda kwa dakika. Majina hayalingani, basi tuyalinganishe kwanza. Dakika 20 ni theluthi ya saa. Theluthi ya kilometa 60 ni kilometa 20. Basi hata Muheza halijafika! Na sehemu ya saa yenye nukta izidishe kwa 60 upate dakika: 0.5 ni dakika 30, 0.25 ni dakika 15, 0.1 ni dakika 6.

Kisha tukafanya hesabu moja ya barabarani. Sheria inaruhusu basi la abiria kwenda kilometa 80 kwa saa katika barabara kuu. Hizo ni mita 80,000 kwa sekunde 3,600, yaani mita 22 hivi kila sekunde. Mtoto akitumia sekunde tano kuvuka, basi limeshakula mita 110, kama urefu wa uwanja wa mpira. Binti yangu akaduwaa. "Kumbe lile la mbali, mama, liko karibu!"

Akina mama, watoto wakileta daftari, tusiwaambie tu kwamba jibu si sahihi. Tukae nao, tuulize kila namba jina lake. Huenda siku moja wao ndio watakaofungua kabati, na mgonjwa anangoja.