Tulifukia bwawa, maji tukabaki nayo

Ua wa nyumba yetu hapa Mwanza ni mawe. Anayejenga mlimani hana ujanja: ama avunje mawe, ama ajenge katikati yake. Sisi tulivunja machache, mengine tukayaacha, na mume wangu akasema hayo yaliyobaki ndiyo yatakuwa pambo letu.

Fundi wa bustani alipanga mawe ngazi kwa ngazi ili udongo usishuke na mvua, akapanda nyasi na maua. Karibu na kibaraza akajenga kibwawa cha saruji, upana wa meta moja na nusu hivi. Kina chake kilikuwa chini ya goti langu. Pampu ndogo ilipandisha maji hadi kwenye jiwe la juu, yakateremka taratibu na kurudi bwawani. Kila mgeni alitaka kupiga picha pale. Nami, kusema kweli, nilivimba kichwa.

Asiyesifu alikuwa mama mkwe. Alipotutembelea kutoka Ukerewe alikitazama kibwawa, akamtazama mjukuu wake wa mwaka mmoja na miezi minne, kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi nimezaliwa kisiwani. Maji hayana udogo."

Nikamjibu, "Mama, haya hayafiki hata magotini." Akanyamaza.

Jumamosi moja nilikuwa nyuma ya nyumba nikianua nguo. Mtoto nilimwacha kibarazani na dada yake wa miaka saba. Dada mtu akaingia ndani kunywa maji. Sikusikia kilio wala kishindo. Kilichonishtua ni kimya, na kila mzazi anakijua kimya cha mtoto anayetambaa na kukimbia. Nilipozunguka kona nilimkuta kifudifudi, uso ndani ya maji, miguu ukingoni, ndala moja bado imemkaa.

Nilimtoa. Alikohoa, akatapika maji, akalia. Sijawahi kufurahia kilio kama kile. Tulimkimbiza hospitali hata hivyo, kwa sababu maji yakiingia mapafuni shida inaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye. Alilazwa usiku mmoja, akaruhusiwa akiwa mzima.

Daktari alinieleza nilichopaswa kukijua mapema. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kulinganisha na mwili wake, hivyo akiinama huanguka kwa kichwa na hana nguvu za kujiinua. Hapigi kelele, kwa kuwa hawezi kuvuta pumzi. Maji ya kufunika pua na mdomo, hata sentimeta tano, yanatosha kumuua.

Kuna jambo jingine nalikiri kwa aibu. Njia nzima ya kwenda hospitali nilikuwa nikimlaumu moyoni binti yangu mkubwa. Usiku nilimkuta macho, analia, anauliza kama mdogo wake atarudi. Nikamkumbatia, nikamwambia kosa si lake. Mtoto wa miaka saba si mlinzi. Bwawa lilikuwa langu, na aliyeonywa ni mimi.

Mume wangu alitaka kuchukua nyundo avunje kila kitu. Fundi akatushauri tusiache maji, tuyafiche. Shimo la bwawa likawekwa tangi la plastiki. Juu yake zikapita nondo, kisha wavu mzito wa chuma unaobeba mtu mzima, kisha wavu mwembamba kama wa chandarua, na mwisho mawe makubwa. Sasa maji yanachuruzika juu ya jiwe, yanazama katikati ya mawe na kurudi kwenye tangi. Sauti ni ileile, lakini hakuna mahali yanapotuama. Hata mbu wamekosa pa kutagia. Zamani, tukizima pampu siku chache, nilikuwa nawaona viluwiluwi wakicheza humo, wakati sisi tunalala ndani ya chandarua tukiogopa malaria.

Tukaipitia bustani yote upya. Nilipiga magoti na kutambaa nione anachokiona mtoto. Kokoto ndogo za mapambo niliziondoa, maana zinaingia mdomoni na kukaba koo. Nikang'oa olianda, ule mti wa maua ya waridi ambao kila sehemu yake ina sumu, na lile ua la majani mapana yenye madoa meupe ambalo mtoto akilitafuna mdomo na ulimi huvimba. Badala yake nikapanda mrehani, asumini, na mchaichai kwenye kingo za ngazi, kwa sababu mizizi yake inashika udongo vizuri. Waya za pampu tuliziwekea swichi inayojikata umeme ukivuja.

Mzazi mwenzangu, huenda huna bwawa uani. Lakini una ndoo ya maji bafuni, beseni la kufulia, pipa la kukinga mvua, au shimo ambalo fundi ameliacha wazi. Mwaga, geuza, funika. Na ukimwacha mdogo na mkubwa wake, kumbuka wote wawili ni watoto.

Mama mkwe alikuja tena Desemba. Alikaa kibarazani na chai yake ya mchaichai, akamtazama mjukuu akilowesha viganja kwenye jiwe na kucheka. Nilisubiri aseme neno. Hakusema, ila aliinuka, akaenda kusimama juu ya yale mawe, akayakanyaga kwa nguvu mara mbili, tatu. Kisha akarudi kumalizia chai.